Ongeza Nne

Kama unasoma haya na koti jeupe la maabara limetundikwa mlangoni kwako, nakuomba kitu kimoja kabla hatujaanza: usiniamini. Nilikaa miaka mingi katika maabara za sekondari za Dodoma nikiwa fundi sanifu, yule anayeosha bika, anayepima kemikali na anayeshika funguo. Katika miaka hiyo nilifundisha kosa moja kwa ukamilifu kabisa. Nililiandika kwa wino mnene, nikalibandika ukutani, na wanafunzi wakanishukuru.

Sasa nimestaafu, naishi Miyuji, na jirani zangu wengi ni wanafunzi wa chuo. Wanakuja jioni na simu zao kunionyesha video za majaribio. Mtu kavaa glavu, anamimina kitu cha bluu, kinakuwa cha pinki, basi. Mmoja aliniambia kwamba siku hizi maabara iko mfukoni. Nikamuuliza kama aliwahi kuona jaribio likikataa ndani ya simu. Akacheka, akasema video zilizokataa hawaziweki. Nikamwambia basi hiyo siyo maabara, hiyo ni harusi, kila mtu amepangwa pa kusimama.

Sisi wa maabara tuna neno letu: kupika. Kupika ni kuandika jibu unalolijua badala ya lile ulilolipata. Mwanafunzi anafunga jiwe kwenye uzi ili apime pendulamu, anahesabu mibembeo mitano badala ya ishirini kwa sababu rafiki yake anamsimulia mpira, kisha anakaa chini na kalamu na kutunga namba nzuri. Grafu inanyooka kama reli. Nilijifunza kuzitambua kwa macho. Grafu ya kweli ina nukta moja au mbili zilizopotea njia. Ukiona nukta zote zimekaa juu ya mstari, ujue kuna jiko linawaka.

Lakini nani aliwafundisha kupika? Hilo ndilo swali nililochelewa kujiuliza.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Swalehe, Mrangi wa Kondoa, mtu wa maneno machache na mikono safi. Mimi ni mzaliwa wa Gulwe, na alipenda kunitania kwamba Wagogo tunaweza kuhesabu ng'ombe tu, kwenye mililita tunapotea. Nami nilimjibu kwamba Warangi wakipewa silinda ya kupimia wataipimia asali. Alinionyesha kwamba asidi humiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Alinionyesha jinsi ya kutumia sirinji za hospitali pale bureti zilipokuwa mbili kwa darasa zima. Kiashiria kilipoisha alichemsha choya, lile ua jekundu tunalotengenezea juisi, akatumia maji yake. Kwenye asidi yanabaki mekundu, kwenye besi yanageuka kijani. Yanayobaki unaweka sukari unakunywa, mradi hujayagusisha na vyombo vya maabara. Na alinifundisha kwamba kifaa chochote kikiingia maabara, kabla hakijaguswa na mwanafunzi, kipimwe kwanza.

Basi alipostaafu nikahamishiwa shule moja upande wa Chamwino, nikafanya kama nilivyofundishwa. Nilikuta themometa kumi na mbili. Nikachemsha maji, nikazitumbukiza moja baada ya nyingine. Kila moja ilipanda, ikafika tisini na sita, ikasimama. Nikasubiri. Nikaongeza moto. Maji yakaruka mpaka mezani, themometa hazikutikisika.

Kila mtoto wa kidato cha kwanza anajua maji yanachemka kwenye nyuzi mia. Kwa hiyo themometa zilikuwa mbovu. Zote kumi na mbili, kwa kiasi kilekile. Leo hiyo inanichekesha, siku ile ilinipa fahari. Niliona nimegundua ugonjwa na dawa yake. Nikachukua karatasi ya manila nikaandika ONGEZA NNE, nikabandika juu ya sinki. Walimu wakanipongeza. Matokeo ya darasa zima yakaanza kuwa mia, safi kabisa.

Karatasi ile ilikaa miaka. Iliwahi kuliwa na mchwa pembeni nikaandika nyingine.

Sasa nije kwa Debora.

Debora Chilewa alikuwa kidato cha pili, mwembamba, mkimya darasani. Ukimya wake nilidhani ni uzito wa akili. Baadaye nilielewa kwamba shuleni kwetu swali la sayansi lilitakiwa kuulizwa kwa Kiingereza, na yeye Kiswahili chenyewe alikijulia shule ya msingi, nyumbani walisema Kigogo. Mtoto ana swali kichwani, lakini lazima kwanza alitafutie nguo. Mpaka amelivalisha, kipindi kimekwisha. Ninyi mnaokwenda kuwa walimu, fikirini hilo. Sijawahi kuona themometa inayokataa kusoma kwa sababu aliyeishika ameuliza kwa Kigogo.

Mwaka ule waliotaka mchepuo wa sayansi walizidi viti vya maabara. Mwalimu Kasanga, ambaye alikuwa mtaaluma, yaani msimamizi wa masomo, na pia mwalimu wa fizikia, akaamua kuwachuja kwa jaribio la vitendo. Pasha maji, soma joto kila dakika, chora grafu, andika kiwango cha mchemko. Majina yakabandikwa Ijumaa. Jina la Debora lilikuwa upande wa sanaa. Orodha ingekuwa ya mwisho kwenye kikao cha walimu Alhamisi iliyofuata, na baada ya hapo hakuna kurudi, maana vitabu na madawati vinagawanywa kwa orodha hiyo.

Siku hiyohiyo mchana alikuja maabara, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Umekuja kulia?"

"Hapana. Nimekuja kuuliza."

Nilitaka kumrudisha kwa Mwalimu Kasanga, lakini nilikuwa naosha vyombo na mtu wa kuzungumza naye nilimhitaji. Nikamwambia aulize kwa lugha yoyote. Akaniambia kwanza kwa nini anataka sayansi. Mama yake alitibiwa malaria mara tatu mfululizo bila kuchukuliwa damu, kila mara kwa kuangaliwa usoni tu. Mara ya nne alipelekwa hospitali ya Mvumi, wakampima, wakakuta si malaria. Debora alimwona yule mtu wa darubini, akaamua kwamba anataka kuwa yeye. Hakutaka kuwa daktari. Alitaka kuwa yule anayeangalia.

Kisha akaniuliza kosa lake. Nikafungua karatasi yake. Alikuwa ameandika 96, na Mwalimu Kasanga amepiga mkasi mwekundu, alama ya kosa, na kwa kuwa grafu nzima ilitegemea namba hizo, mikasi ilishuka hadi chini. Nikamwonyesha karatasi ukutani. Hujaongeza nne, nikamwambia, umefeli kwa uvivu.

Akaitazama ile karatasi kama mtu anayetazama mbuzi asiye wake.

"Madam, tukipima barafu nayo tuongeze nne?"

"Ndiyo. Themometa ni ileile."

"Basi barafu yetu inayeyuka kwenye nne. Kitabu kinasema sifuri."

Bika niliyokuwa naosha niliiosha mara ya pili. Kumbe katika miaka yote ile hatukuwahi kupima barafu, kwa sababu shule haikuwa na jokofu. Niliichukua themometa moja nikaiweka kwapani, kwa kutaka tu kupata muda. Ilisoma karibu thelathini na sita. Kwa kanuni yangu mwenyewe, nilikuwa natembea na homa ya arobaini, na wanafunzi wangu wote walitakiwa walazwe.

Nje ya geti kulikuwa na mama mmoja, Mama Yohana, aliyewauzia watoto barafu za ubuyu kutoka kwenye jokofu la dukani kwake. Tukanunua nne. Tukazipondaponda ndani ya bika, tukaziacha zianze kuyeyuka, tukatumbukiza themometa. Ikashuka, ikapita sifuri, ikasimama kama nyuzi moja chini yake.

Vijana, sitawaficha. Nilifurahi. Themometa inasoma chini kuliko inavyopaswa, basi ni mbovu, basi karatasi yangu ilikuwa sahihi, au tuseme ilikuwa jirani na usahihi. Nikamwambia Debora, unaona sasa? Yeye alikuwa analamba vidole.

"Hii ina ubuyu na sukari, Madam."

"Ina ubaya gani?"

"Kitabu kimesema barafu. Hakikusema ubuyu."

Ni kweli kabisa. Ukiweka sukari au chumvi ndani ya maji unashusha kiwango cha kuganda. Nilikuwa nimelijua hilo kwa miaka, nikaliandika kwenye mitihani yangu mwenyewe nikapata alama. Lakini siku nilipolihitaji lilikuwa limelala daftarini. Ukipima kitu, jiulize kwanza kama ndicho ulichokusudia kupima. Somo hilo nililipata kwa ubuyu.

Tukarudi kwa Mama Yohana kumwomba agandishe maji matupu. Akatuuliza nani atanunua barafu isiyo na ladha. Nikamwambia serikali. Kesho yake asubuhi, Jumamosi, Debora alikuja na mfuko wa barafu ameuzungushia kanga ya mama yake. Tukazipima themometa zote kumi na mbili. Sifuri. Sifuri. Sifuri, mpaka ya mwisho.

Basi hazikuwa mbovu. Na kama hazikuwa mbovu, maji yetu yalichemka kweli kwenye tisini na sita, na mimi ndiye niliyekuwa nawalazimisha watoto kuandika uongo.

Debora angeweza kucheka. Alichofanya ni kukausha vidole na kuniuliza kama Alhamisi bado iko mbali.

Nilichukua kitabu cha fizikia kilekile nilichokuwa nacho tangu chuoni. Sura iko mle. Mgandamizo wa hewa hupungua kadiri unavyopanda juu, na mgandamizo ukipungua maji huchemka mapema. Pembeni kuna mchoro wa mlima mrefu wenye theluji. Hapo ndipo tulipopotea. Tuliona mlima wa theluji tukadhani jambo hilo linawahusu wapanda milima. Hakuna aliyetuambia kwamba na sisi tuko juu. Dodoma ni tambarare, unaweza kutazama mpaka macho yachoke usione kilima cha maana, nani angefikiri amesimama zaidi ya mita elfu moja juu ya bahari? Mdogo wangu anayeishi Dar es Salaam akija kwangu hulalamika kwamba maharage hayaivi. Miaka yote nililaumu maharage.

Jumamosi hiyo nilikuwa na safari ya Gulwe kwa dada yangu. Gulwe iko chini, ukitoka kwetu unashuka na joto linakupokea. Nikafunga themometa mbili ndani ya soksi nikaondoka nazo. Dada yangu alipobandika maji ya chai nikachomoa themometa.

"Umetoka huko kote," akasema, "kuja kupima chai yangu?"

Ilifika karibu tisini na nane. Zote mbili. Nilikaa pale jikoni nikajisikia kama mtu aliyeambiwa umri wake halisi. Dada akaniuliza kama chai ina tatizo. Nikamwambia chai ni nzima, mgonjwa ni mimi.

Jioni nikampigia simu Mzee Swalehe Kondoa. Nikamweleza yote, nikamuuliza kwa nini hakuwahi kuniambia. Nikasikia mbuzi nyuma yake. Akasema yeye alikuwa anaandika tisini na sita tu siku zote, na hakuna aliyemuuliza. Kisha akaongeza, taratibu, kwamba alinifundisha kupima kifaa, hakujua kwamba nitakipima halafu nikikatae.

Sasa kazi ngumu ilikuwa Jumatatu. Kukosea ni kitu kimoja, kwenda kwa mtaaluma kumwambia umekosea miaka yote hiyo ni kitu kingine. Mwalimu Kasanga hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye madarasa manne, chaki mkononi na mtihani wa taifa kichwani. Alinisikiliza, akasema ni maji ya kisima, yana chumvi, kila mtu anajua maji ya huku yana chumvi. Nikamwambia chumvi hupandisha kiwango cha mchemko, haishushi. Hakuamini, na nilimpenda kwa kutoamini. Tukachemsha maji palepale kwenye jiko la gesi. Tisini na sita. Nikamimina chumvi, vijiko vinne vya chakula kwenye bika ndogo, nikakoroga. Maji yakachemka tena, themometa ikapanda hadi karibu tisini na tisa.

Akaitazama muda mrefu. Kisha akauliza swali la mtaaluma.

"Na hawa wote walioandika mia?"

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Watoto zaidi ya arobaini walikuwa wameongeza nne kwa sababu mimi niliwaambia waongeze. Huwezi kuwaadhibu kwa kunitii. Lakini pia huwezi kumwacha Debora sanaa kwa kuandika alichokiona. Kasanga alikuwa na shaka nyingine, na ilikuwa ya haki: huenda yule binti alisahau tu kuongeza, na sasa tunamfanya shujaa wa usahaulifu wake. Akaamua jaribio lirudiwe Jumatano, kwa wote.

Nikamwambia tatizo moja. Habari imeshatembea. Mabwenini wanasema jibu si mia tena, jibu ni tisini na sita. Jumatano wote wataandika tisini na sita bila hata kuwasha moto.

Tuliangaliana. Sikumbuki nani alisema kwanza, lakini jicho la Kasanga lilikuwa kwenye kopo la chumvi.

Jumatano asubuhi niliandaa bika mapema. Kila moja ilikuwa na maji na chumvi ya kutosha, imekorogwa mpaka haionekani. Niliwaambia kitu kimoja tu, kwamba ni marufuku kuonja chochote maabara, jambo ambalo huwa nawaambia kila siku, kwa hiyo hawakushtuka. Karatasi ya ONGEZA NNE nilikuwa nimeibandua. Pale ilipokuwa, ukuta ulibaki na pembe nne za gundi.

Nikazunguka kati ya meza. Wale wa mbele waliandika 96 wakati maji bado yanatoa vipovu vidogo vya kwanza. Wengine walisoma, wakaona kitu kisichoeleweka, wakafuta, wakaandika 96. Wachache wenye imani ya zamani waliandika 100. Niliona kijana mmoja akiigonga themometa kwa ukucha, kama redio.

Debora alikuwa meza ya mwisho karibu na dirisha. Alisoma, akaandika, akatoa themometa, akaifuta, akairudisha, akasoma tena. Akaomba themometa nyingine, nikampa. Akasoma. Uso ulimbadilika. Alijua, kama wote, kwamba jibu linalotembea mabwenini ni tisini na sita. Alijua hata zaidi yao, kwa sababu tulilipata pamoja. Na alijua kwamba akikosea leo, kesho orodha inafungwa. Alinitazama mara moja. Nikageuka kufuta meza ambayo ilikuwa safi, maana uso wangu haujui kutunza siri.

Tulisahihisha jioni hiyo tukiwa wawili, mimi na Kasanga, kwenye chumba cha walimu. Ilikuwa kazi ya kusikitisha kidogo na ya kuchekesha sana. Tisini na sita baada ya tisini na sita, na grafu zilizonyooka. Kulikuwa na watoto saba ambao waliandika tisini na nane au tisini na tisa, na wote saba walikuwa wameomba radhi pembeni: themometa yangu ni mbovu, samahani mwalimu. Hao tuliwapa alama zao. Kwa waliobaki, Kasanga alikubali tuangalie kazi nyingine, jinsi walivyopanga vifaa na walivyosoma dakika za mwanzo, ili viti vilivyobaki vijazwe kwa haki kiasi kinachowezekana. Tuliwaambia ukweli wote kesho yake, na chumvi tukaitaja. Walitukasirikia siku mbili. Nadhani walikuwa na haki.

Karatasi ya Debora ilikuwa ya mwisho kwenye rundo. Hakuwa ameomba radhi. Grafu yake ilikuwa na nukta moja iliyopotea njia, na hakuwa ameirudisha. Chini, mahali pa hitimisho, ambapo wanafunzi wote tangu nianze kazi huandika kwamba jaribio limethibitisha nadharia, yeye alikuwa ameandika, kwa Kiswahili, kinyume cha taratibu za shule:

"Maji haya yamechemka kwenye 99. Nimepima mara tatu kwa themometa mbili. Wiki iliyopita yalikuwa 96. Sijui kwa nini."

Kasanga alisoma, akaweka kalamu chini, akaichukua tena. Aliniuliza kama nimewahi kuona mwanafunzi akiandika sijui kwenye ripoti. Nikamwambia hapana, wala mwalimu. Akacheka peke yake kwa sauti ndogo. Kisha akavuta karatasi karibu, akaweka alama ya vema kubwa, nyekundu, pembeni ya yale maneno matatu ya mwisho.